Ukienda kusoma usalama wa kompyuta, nenda kutafuta ruhusa

Dirisha la KUCCPS likifunguliwa tu, simu yangu huanza kulia. Safari hii alikuwa binamu yangu wa Chebunyo. Salamu hakuna. "Braza, ile kozi ya saiba sekiuriti iko chuo gani?" Nyuma yake nilisikia pikipiki na mtu akinadi vitunguu, nikajua amesimama nje ya saiba ninayoijua vizuri, anangoja zamu yake ya kujaza kozi.

Nikamuuliza anaitakia nini. Akasema iko na pesa. Nikamuuliza na nini kingine. Akanyamaza, halafu akacheka: "Si tayari tunaitwa watu wa Mulot? Heri niitwe nikiwa na cheti."

Kama utani huo umekupita, wewe si wa kwetu, basi acha nikueleze. Mulot ni mji mdogo kwenye barabara ya Bomet kwenda Narok, pale kaunti hizo mbili zinapokutana. Kwa miaka mingi jina lake limekuwa likitajwa kwenye habari za makachero wa DCI waliokamata vijana na mafungu ya laini za simu. Ni wale wanaokupigia wakijifanya wahudumu wa kampuni ya simu, ama wanaohamisha namba yako iingie kwa kadi yao ukiwa umelala, ukiamka salio limekwenda. Wakazi wengi wa Mulot hawajawahi kumtapeli mtu yeyote. Wanauza mahindi, mbuzi na mbolea kama watu wa soko lolote. Lakini jina likishachafuka halimpimi mtu mmoja mmoja. Siku yangu ya kwanza hosteli Nairobi, nilipotaja kwamba natoka Bomet, jamaa wa kitanda cha juu alichukua simu yake akaisukuma chini ya mto. Alikuwa anatania. Nusu.

Nilimwambia binamu yangu nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu kwa simu angenikatiza. Jibu lenyewe ni hili, na wewe pia unayewaza kozi hii kaa hapa usikie. Kwanza nikwambie mimi ni nani, ndiyo ujue unasikiliza nani. Sina digrii. Niliingia chuo kimoja Nairobi mwaka 2020 kusoma usalama wa kompyuta, nikatoka 2022 nikiwa mwaka wa pili, kwa sababu ya karo. Usiniletee ile hadithi ya Bill Gates na Mark Zuckerberg. Wale waliacha Harvard wakiwa na kampuni mkononi na wazazi wenye uwezo nyuma yao. Mimi niliacha nikiwa na deni la muhula na begi. Kila mara mtu akiniambia "hata matajiri hawakumaliza shule", natamani kumwonyesha ile meseji ya idara ya fedha.

Sasa kozi. Iko vyuo kadhaa, kwa majina tofauti. Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo wana shahada ya usalama wa kompyuta na uchunguzi wa kidijitali, KCA Nairobi nao wana ya usalama wa habari na uchunguzi. Kwingine inakuja kama tawi la sayansi ya kompyuta, na ukiniuliza mimi hiyo si mbaya hata kidogo, kwa sababu huwezi kulinda kitu usichojua kinavyofanya kazi. Ukiingia ukitarajia skrini nyeusi yenye herufi za kijani kama sinema, mwaka wa kwanza utakuchosha. Ni hesabu, ni kuandika programu kwa lugha ya C, ni jinsi kumbukumbu ya mashine inavyopangwa. Mwaka wa pili ndipo tulipoanza mitandao, hifadhidata, na elimu ya kuficha ujumbe. Tulianza na Julius Caesar, aliyekuwa akisogeza kila herufi hatua tatu mbele ili adui asisome barua zake. Tukaenda mpaka RSA, ile njia ya namba tasa kubwa ambazo ni rahisi kuzizidisha lakini kuzitenganisha tena ni balaa. Niliipenda sana ile RSA. Mpaka leo nikiwa kwa matatu na nimechoka naifanya kichwani kwa namba ndogo ndogo.

Na hapa ndipo naanza kukuudhi. Karibu yote hayo niliyotaja yako bure. Kuna mchezo unaitwa Bandit kwenye tovuti ya OverTheWire, unakushika mkono kutoka amri ya kwanza ya Linux mpaka mambo mazito, hawakutozi hata shilingi. Kuna picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule za upili. Kuna masomo ya PortSwigger ya jinsi tovuti zinavyovunjwa, pamoja na maabara za kufanyia mazoezi. Unachohitaji ni mashine inayowaka, bando, na usiku. Niliyojifunza baada ya kutoka chuo ni mengi kuliko niliyojifunza nikiwa ndani. Basi mtu atasema, si ndiyo hivyo, chuo cha nini?

Ngoja kwanza.

Nilipokuwa mwaka wa pili, kabla sijaacha, nilikwenda nyumbani likizo. Sisi wa Chebunyo si kama wenzetu wa Konoin wanaongoja bonasi ya chai. Upande wetu wa Chepalungu ni mkavu kidogo, ni mahindi na ng'ombe. Nyanya yangu, sisi tunamwita kogo, ana ng'ombe wawili wa maziwa, na pesa ya maziwa inaingia kwa simu yake, kabambe ya vitufe ambayo betri yake imefungwa na mpira. Nilimkuta ameketi nje, simu iko juu ya mapaja, haongei. Ilikuwa imeingia meseji kwamba amepokea Sh3,500 kutoka kwa mtu asiyemjua. Dakika chache baadaye mwanamke akapiga analia: mama, nimekosea namba, hiyo ni karo ya mtoto, nisaidie unirudishie. Kogo akarudisha. Yule mwanamke akapiga tena, kwamba haijafika, mtandao una shida, jaribu mara nyingine. Akarudisha tena. Kwa simu yake hakukuwa kumeingia chochote. Ile meseji ya kwanza ilikuwa imeandikwa na mtu kwa kidole chake, ikatumwa kutoka namba ya kawaida. Kogo hasomi vizuri, na hata angesoma, alisikia mtoto akilia nyuma ya simu.

Alinitazama akaniuliza, "Weri, si wewe unasomea kulinda hizi simu?"

Nilikuwa nimetoka kupata A ya RSA.

Nataka uelewe kilichonichoma. Hakuna kitu cha kompyuta kilichovunjwa siku ile. Mawimbi yalikuwa salama, namba ya siri ilikuwa sahihi, na aliyeibonyeza alikuwa mwenye simu. Kitu kilichovunjwa kilikuwa huruma ya mwanamke mzee. Na huu si utapeli wa kijijini tu. Kevin Mitnick, Mmarekani aliyekuwa mdukuzi maarufu kuliko wote miaka ya tisini na akafungwa miaka mitano hivi, sifa yake kubwa haikuwa kuandika programu. Alikuwa anapiga simu ofisini, anajifanya mfanyakazi mwenzao, anapewa nenosiri kwa upole. Darasani jambo hili kwetu lilikuwa kipindi kimoja. Kimoja! Slaidi zenyewe zilikuwa za benki za Marekani. Mhadhiri wangu alikuwa mtu mzuri, simlaumu, lakini tulikuwa vijana zaidi ya arobaini mle ndani, na nadhani kila mmoja ana kogo wake.

Nikaacha chuo muhula uliofuata. Nikarudi Chebunyo nikaajiriwa katika saiba. Kuna kejeli hapa ambayo nyumbani waliipenda sana, kwa sababu tangu mwanzo kogo alidhani kusoma saiba ni kusomea kufungua saiba: kopi, kupiga chapa, KRA, eCitizen. "Umemaliza haraka," aliniambia. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Pale saiba ndipo nilipoona mtihani wa kweli wa kile nilichosomea. Kitabu chochote cha fani hii kitakuambia usalama una nguzo tatu: siri isivuje, taarifa isichezewe, na huduma ipatikane inapohitajika. Ile ya tatu nilikuwa naiona ya kujaza ukurasa tu. Halafu ikaja wiki ya mwisho ya Julai 2023. Asubuhi mama mmoja alikuja kuomba cheti cha tabia njema kwa ajili ya kijana wake aliyepata kazi. eCitizen haifunguki. Nikaburudisha ukurasa, wapi. Kufika saa tano kulikuwa na foleni, wa leseni ya kuendesha gari, wa pasipoti, wa kusajili biashara, na mwenye saiba ananiangalia kana kwamba nimekata waya. Baadaye ndipo tukasikia kundi linalojiita Anonymous Sudan limejitangaza kuwa ndilo lililofanya. Aliyekuwa waziri, Eliud Owalo, alikiri kulikuwa na shambulizi na akasema hakuna data iliyopotea.

Na pengine kweli haikupotea. Shambulizi la namna ile haliibi. Fikiria steji ya matatu. Watu elfu kumi wanakuja kwa wakati mmoja kuuliza nauli ya Bomet ni ngapi, hakuna hata mmoja anayesafiri. Kondakta anajibu mpaka sauti inakauka, na abiria wa kweli amesimama nyuma na mzigo wake. Hiyo tu. Lakini nchi yetu imeweka zaidi ya huduma 5,000 kwa mlango mmoja, kwa hivyo mlango ukizibwa Nairobi, mama wa Chebunyo anarudi nyumbani na nauli imeliwa. Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani kwa kazi za kundi hilo. Mmoja alikuwa na miaka 22. Miaka 22, mtu wangu. Umri wako.

Huyo ndugu wa miaka 22 na kijana wa miaka 22 anayelinda seva za benki pale Upper Hill wanajua vitu vilevile. Zana ni zilezile, amri ni zilezile. Tofauti yao ni kitu kimoja ambacho hukipakui kwa intaneti: ruhusa.

Sheria yetu inasema hivyo karibu kwa neno hilohilo. Soma Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 14. Ukivuka ulinzi wa mfumo ukikusudia kuingia huku ukijua hujaruhusiwa, ni faini isiyozidi Sh5 milioni ama kifungo kisichozidi miaka 3, ama vyote viwili. Kifungu hicho hakiulizi kama uliiba. Kinaendelea kueleza kwamba huna ruhusa kama wewe si mwenye kuamua nani aingie na hujapata idhini ya mwenye kuamua. Ni mambo ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuelewa, na bado sisi tulikuwa tumeambiwa tutayasoma mwaka wa nne. Wa nne! Kama kumfunza mtu kuendesha lori na kumwambia breki ni muhula wa mwisho.

Nina mfano ulio karibu. Darasani kwetu kulikuwa na jamaa aliyekuwa anaangalia matokeo yake kwa tovuti ya chuo. Akaona mwisho wa anwani kuna namba. Akaongeza moja. Yakatokea matokeo ya mtu mwingine. Hilo ni kosa la aliyejenga tovuti, la kawaida kabisa, linafunzwa siku za kwanza. Jamaa alifurahi kama aliyeokota elfu moja, akapiga picha ya skrini, akaitupa kwa kundi la WhatsApp la darasa. Jioni aliitwa. Alisimamishwa mwaka mzima. Nilimkasirikia kwa ujinga wake, na nilikikasirikia chuo pia, kwa sababu hakukuwa na mahali popote palipoandikwa: ukiona mlango wazi, mwambie mtu fulani, na hutaadhibiwa. Unafundisha watu mia moja kutafuta milango, halafu hakuna hata anwani moja ya kuripoti. Unatarajia nini?

Wanaopenda kusema chuo ni cha nini huniletea jina la Marcus Hutchins, kwa hivyo acha nimlete mimi kabla yao. Mwingereza, kijana wa miaka 22, hakupitia chuo kikuu, amejifundisha chumbani. Mei 2017 programu ya WannaCry ilikuwa inafunga kompyuta dunia nzima, hospitali za Uingereza zinarudisha wagonjwa. Yeye akaona ndani ya ile programu kuna jina la tovuti isiyokuwepo, akalisajili kwa dola kumi na senti kadhaa, na programu ikaacha kusambaa. Shujaa. Wanaishia hapo. Hawakuambii kwamba Agosti mwaka uleule alikamatwa Las Vegas kwa programu ya kuiba nenosiri za benki aliyoshiriki kuiandika akiwa mdogo, kwa sababu walioona kipaji chake kwanza walikuwa wezi. Alikiri makosa, na mwaka 2019 hakimu akamhurumia, akamwachilia bila kifungo zaidi. Wewe ukifanya hivyo Sotik, hakimu wako hatakuwa amesoma magazetini kwamba uliokoa hospitali.

Walioona kipaji chake kwanza walikuwa wezi. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuhusu kwetu, na nitakuambia kwa nini.

Nilipokuwa pale saiba, mwanamume mmoja alianza kuja mara kwa mara. Viatu safi, haharakishi, analipia kopi kumi na kuniachia chenji. Baada ya wiki tatu hivi akaniambia amesikia nilisoma mambo haya. Anahitaji kijana mwerevu. Kazi si ngumu, ni kupanga taarifa tu, Sh2,000 kwa siku. Mimi saiba ilikuwa inanipa Sh400. Ningependa kukuambia nilikataa hapohapo. Sikukataa. Nililala nayo siku mbili, nikapiga hesabu ya deni la chuo, nikaona miezi mitatu inatosha, halafu narudi darasani kama mtu. Nilikuwa hata nimejitungia maelezo ya kumpa mama. Siku ya tatu akaniambia taarifa zenyewe ni zipi: majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya wakulima wanaolipwa pesa za maziwa. Alijua watu wengi wanakuja kwetu kusaidiwa fomu.

Kogo yumo kwenye orodha hiyo. Sikuwa mwema, nilikuwa mjukuu. Kama angetaka orodha ya wakulima wa Kisii, sijui leo ningekuwa wapi, na hilo silisemi kwa raha.

Kwa hivyo wakati mtu anadharau wale vijana wa laini za simu kama wajinga wasiosoma, mimi nakaa kimya. Kuhamisha namba ya mtu ni kazi inayotaka kujua namba ya kitambulisho, maswali ambayo mhudumu atauliza, saa ambayo mwenye simu amelala, na jinsi ya kuzungumza kama mtu asiye na haraka. Huo ni utafiti. Ni kipaji kilichopata mwajiri wa kwanza aliyejitokeza. Hakuna aliyekwenda pale Longisa ama Sigor kuwaambia kwamba kuna watu wanalipwa, kihalali, kwa kufikiria vilevile.

Basi binamu, na wewe mwenzake, jibu langu ni nenda. Lakini usiende kutafuta ujuzi, huo utaupata na bando. Nenda kuchukua vile vitu ambavyo mimi nilipoteza siku niliyobeba begi. Maabara ambayo unaruhusiwa kuivunja. Mhadhiri anayeweza kukuandikia barua. Atachi, ile miezi mitatu unayoingia kampuni ukiwa na kitambulisho shingoni, na mtu anakuonyesha mfumo halisi na kukuambia jaribu hapa, usiguse pale. Mimi nimeomba kazi za ujuzi ninaoujua kabisa, na swali linalonimaliza halihusu ujuzi. Ni: nani anakujua? Niwape namba ya mwenye saiba?

Ukifika, usingoje mwaka wa nne. Soma kifungu cha 14 wiki ya kwanza, ni ukurasa mmoja tu. Soma na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa sababu siku hizi kazi nyingi ziko huko, kwenye mashule, masako na hospitali ambazo zinashika taarifa za watu na hazijui wazifanyie nini. Tafuta watu. Kuna AfricaHackon, kuna SheHacks kwa wasichana, ni Wakenya wanaokutana na kufundishana. Kuna majukwaa kama HackerOne ambapo kampuni zinaandika waziwazi: jaribu mfumo wetu, mipaka ni hii, ukipata kasoro tutakulipa. Hiyo nayo ni ruhusa iliyoandikwa, na ndiyo imeniweka mjini mwaka huu, ingawa ukiniona nimenunua viatu usidhani ni kila mwezi. Kuna miezi mitano sikupata hata senti.

Na karo. Nyinyi mnaingia chini ya mfumo ulioanza 2023, wa ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB na mfuko wa mzazi. Kaeni na wazazi mpige hesabu ya ule mfuko kwa miaka minne, si kwa muhula wa kwanza. Sisi tulipiga ya muhula wa kwanza, tukauza ndama, tukashangilia. Kama hesabu inakataa, afadhali diploma unayoimaliza kuliko digrii unayoiachia njiani. Najua hilo halipendezi. Mimi pia ningelikasirikia.

Kwa vyuo nina ombi moja, na si la kompyuta mpya. Bomet kuna chuo, Kericho kuna Chuo Kikuu cha Kabianga. Mpeni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi ya kwenda sokoni, kuketi na wakulima ishirini wanaolipwa kwa simu, kuandika walivyotapeliwa, neno kwa neno, na kurudi darasani kutafuta ni wapi mnyororo ungekatwa. Tungejifunza zaidi kuliko kwa slaidi za benki za Marekani. Na pengine yule mwenye viatu safi angekuta kiti changu kina mtu anayejulikana jina.

Nilipompigia binamu jana kumwambia nimemaliza kuandika, nilimuuliza kuhusu kitabu. Pale saiba kuna daftari la kurasa 96, lilikuwepo kabla yangu, limeandikwa kwa kalamu: jina la mteja, barua pepe, nenosiri la eCitizen, nenosiri la KRA. Watu wanasahau, kwa hivyo wanamwachia mhudumu awawekee. Nilipokuwa huko nilijaribu kulimaliza. Nilimwambia mzee mmoja ajiandikie mwenyewe akaweke nyumbani. Akanirudishia kalamu. "Andika wewe," akasema. "Mimi nikiweka kwangu litaliwa na panya."

Binamu akasema daftari bado lipo, sasa ni la pili, na nenosiri lake la KUCCPS liko ndani. Nikamwambia alibadilishe kabla hajabonyeza kozi yoyote. Akaniuliza atalibadilishia wapi na simu yake haina bando. Hapohapo saiba, basi. Nikamsikia akivuta kiti, akianza kuandika polepole, halafu akashusha sauti: "Lakini braza, yule kijana wa saiba amesimama nyuma yangu."